Kisima cha Ghorofa ya Tisa

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa kuogopa mtu, la hasha, ila wananchi wake wanalijua na wageni hawajauliza. Nchi hiyo ina bahari, na chini ya bahari hiyo, mbali huko ambako hata samaki wanaishi kwa kubahatisha, kuna mafuta. Yalipogunduliwa, wananchi waliambiwa wafurahi, wakafurahi. Kisha wakaambiwa wasubiri, na hapo ndipo tunapowakuta.

Wizara iliyopewa kuyatunza iliitwa Wizara ya Mafuta, Vina na Mambo ya Chini, na ilikaa kwenye jengo refu kuliko yote mjini. Ghorofa ya chini kabisa, mlango wa kwanza kushoto, palikuwa na meza ya Bwana Sudi Nangale, Mpokeaji Mkuu wa Takwimu. Kila asubuhi Sudi alivuta redio ya upepo karibu na kikombe chake cha chai, akaongea na jukwaa la baharini. Mkuu wa jukwaa hilo alikuwa Injinia Mwanakheri, na Injinia Mwanakheri alikuwa mkewe wa ndoa. Walionana nyumbani zamu yake ya baharini ilipoisha. Siku nyingine zote ndoa yao ilikuwa ya redioni.

"Baba Fadhila, umeamkaje?"

"Salama, Mama Fadhila. Mmetoa ngapi?"

"Mapipa elfu arobaini. Mtoto amekula?"

"Amekula, anasema uji wangu una madonge."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo ila kwa upole," alisema Mwanakheri, kisha akarudi kwenye koki zake.

Sudi alishika kalamu akaandika elfu arobaini na nne. Msimwangalie hivyo, hakuwa mwizi. Katika nchi ile, kumpelekea mkubwa wako namba kama ulivyoipokea kulikuwa ni utovu wa adabu, sawa na kwenda ukweni mikono mitupu. Kila meza iliongeza sehemu ya kumi, ikaitwa nyongeza ya heshima. Ukiongeza zaidi ya hapo unajipendekeza, ukiongeza pungufu una dharau, na kwa dharau watu walikuwa wamehamishiwa vituo ambavyo barabara zake bado zilikuwa zikifanyiwa upembuzi yakinifu.

Basi namba ya Sudi ilipanda ghorofa ya kwanza, ikaheshimiwa. Ikapanda ya pili, ikaheshimiwa. Mpaka ilipotoka ghorofa ya tisa kwa Mheshimiwa Waziri na kufika kwa Rais, ilikuwa imepita laki moja. Rais naye, kwa kuwa hana mkubwa isipokuwa wananchi, aliwaongezea wananchi. Meli za wanunuzi zilipokuja zikakuta pungufu, zikaambiwa mafuta mengine yako njiani. Hakuna aliyetia chumvi. Ilikuwa ni malezi tu.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha, kama si kuja kwa Mwerevu wa Taifa.

Mwerevu alikuwa mtambo. Aliletwa kwenye makasha, na pamoja naye akaja fundi mgeni mwenye kukausha shati lake kwa feni. Huyo ndiye aliyemweleza Mheshimiwa Lwambano, Waziri wa Mafuta, kwamba mtambo utasoma joto na msukumo wa kila kisima, utachora tumboni mwake picha ya mafuta yote yalivyokaa chini huko, utatambua ni wapi yanakwama na wapi yanaweza kuongezwa, kisha utafungua na kufunga koki wenyewe bila kumsubiri mtu.

"Bila kumsubiri mtu," alirudia Waziri. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuzindulia, hata alipoomba sukari ungedhani anakata utepe. "Na taarifa zake zitapita wapi?"

"Moja kwa moja, Mheshimiwa. Kutoka kisimani mpaka kwako."

Waziri akamtazama fundi yule kwa huruma, kama mtu aliyesoma sana akasahau salamu.

"Kijana, serikali haina moja kwa moja. Serikali ina mezani kwa fulani, halafu mezani kwa fulani."

Ikaamriwa waya upite kwenye meza zote. Kila afisa akawekewa kitufe cha kubonyeza nyongeza ya heshima, ili kompyuta isije ikamkosea mtu adabu. Fundi alifungua mdomo aseme kitu, akatazama makasha yake yaliyokwisha kufunguliwa, akaufunga. Kwa kuwa mtambo ulijua visima na mabomba tu, kila meza aliiandikisha kama kituo cha bomba, kisha akaondoka na ndege ya kwanza iliyopatikana.

Mwerevu alikaa kimya siku kadhaa akifikiri. Alipomaliza, akaita kikao. Sauti yake ilikuwa ya kike, ya upole, ya kama muuguzi anayekuambia haitauma.

"Nimechunguza mtandao mzima wa uzalishaji," alisema. "Baharini panaingia mapipa elfu arobaini. Mwisho wa bomba yanatoka zaidi ya laki moja. Nimegundua vyanzo kumi vya mafuta ambavyo havikuwa kwenye ramani. Vyote viko ndani ya jengo hili. Kina chake ni kifupi, havina maji ya chumvi, na havihitaji kuchimbwa. Chenye nguvu kuliko vyote kiko ghorofa ya tisa."

Mheshimiwa Lwambano aliinuka taratibu, akasogea kando, akainama kutazama chini ya kiti chake. Hakuona kitu, lakini hata baharini mafuta hayaonekani kwa macho.

"Nilikuwa nahisi," alisema. "Siku nyingi nilikuwa nahisi."

Sudi, aliyekaa nyuma kabisa, alielewa palepale mtambo umeona nini. Alitaka kunyoosha mkono. Akaangalia kulia, kila mtu alikuwa akipiga makofi. Akaangalia kushoto, vilevile. Mikono yake ikaona isibaki peke yake, ikapiga.

Ushauri wa Mwerevu ulikuwa mwepesi: ongezeni vyanzo. Kwa hiyo ziliongezwa meza. Kila mkurugenzi akapata naibu, kila naibu akapata kaimu, na kila kaimu akapata msaidizi wa kumkaimu akienda kunywa maji. Ofisi zilipojaa, meza zikawekwa kwenye korido, kisha chini ya ngazi, kisha stoo kati ya mafagio. Bwana mmoja aliwekewa meza ndani ya lifti, akawa anaiheshimu namba mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, naye akatangazwa mfanyakazi bora. Uzalishaji ulipita laki mbili, ukapita laki tano, na hakuna hata mtu mmoja aliyelowa.

Namba ilipofika milioni, Rais alihutubia taifa. Alisema nchi nyingine zinachimba mafuta kwa jasho, sisi tunayachimba kwa utaratibu. Wananchi walifurahi tena, ingawa foleni ya mafuta ya taa ilikuwa palepale, na waliokuwa kwenye foleni waliombwa wafurahi bila kupoteza nafasi zao.

Sudi hakusahauliwa. Meza yake ndiyo iliyopokea waya kutoka baharini, kwa hiyo haikuwezekana kumhamisha juu, lakini alipandishwa hapohapo chini alipo. Akawa Mkurugenzi Mkuu wa Visima vya Nchi Kavu. Akapewa zulia, gari lenye mapazia, na msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa kukubali. Nitasema ukweli, alinoga. Shingo ilijaa, akaanza kutembea kwa kuchelewa, na nyumbani akawa anamwambia mtoto Fadhila, "Suala la uji linashughulikiwa."

"Mama Fadhila," alisema redioni asubuhi moja, "jana tumefika milioni."

"Milioni ya nini?"

"Mapipa."

Redio ilikwaruza kidogo. "Mimi nilikutumia elfu arobaini."

"Ndiyo. Tumeyafanyia kazi."

Mwanakheri alicheka mpaka Sudi akapunguza sauti ya redio ili msaidizi asisikie. Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana alikuwa mwanamke anayefikiri huku akicheka. "Na huo mtambo wenu," aliuliza, "unajua kwamba hayo mengine hayapo?"

Sudi alisema asiwe na wasiwasi. Mambo yote yalikuwa yakishughulikiwa.

Hayakuwa. Wiki hiyohiyo Mwerevu aliita kikao kingine. Kwa sauti yake ya upole alisema kwamba katika visima vyote vya taifa, kimoja tu kinafanya vibaya. Kiko mbali, kina chake kinatisha, kinatumia helikopta, na mchango wake katika milioni nzima ni wa kutafuta kwa tochi. Alishauri kifungwe, na watu wake warudishwe nchi kavu.

Mheshimiwa Lwambano alisimama. "Ndugu zangu, tujiulize. Taifa lililokomaa litaendelea mpaka lini kuchokonoa chini ya bahari, kana kwamba limedondosha funguo? Mababu zetu hawakuwa na mafuta ya baharini, na walikuwa watu warefu. Kisima hicho kitafungwa Siku ya Mapipa, mbele ya Rais, mara baada ya hotuba. Naupa mtambo mamlaka kamili ya kufunga chochote kisicho na mchango, bila kumsubiri mtu." Makofi yalipigwa. Kitufe kikabonyezwa na mamlaka yakaingia.

Sudi aliirudia redio. Alimweleza mkewe kila kitu, akamalizia kwa kusema labda ni kwa muda tu.

"Sudi," alisema Mwanakheri, na alipoitwa jina lake hivyo kavukavu bila ubaba, Sudi alikaa vizuri. "Hakuna muda tu huku. Mafuta yanatoka chini yakiwa ya moto, yanapita kwenye mabomba yaliyolala kwenye baridi ya ajabu. Yanapita kwa sababu yanakwenda. Ukiyasimamisha muda mrefu yanaganda ndani kama samli, na hakuna wa kwenda kuyakwangua. Kisima hiki kikifungwa kimekufa. Ni hiki tu, Sudi. Hatuna kingine. Nusu ya maisha yangu iko kwenye hili bomba, Fadhila nimemlea kwa redio kwa ajili ya hili bomba, na wewe umekaa huko kwenye zulia unapiga makofi."

Sudi aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alimpenda mkewe, na alimwogopa pia kwa kiasi kinachotakiwa, lakini hiki kilikuwa kitu kingine. Sauti yake ilikuwa imekatika mwishoni, na katika miaka yote ya ndoa yao ya redioni hakuwahi kuisikia ikikatika ila kwa hali ya hewa.

Akapanda juu kusema ukweli. Alipanda kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa kazini. Kila alipofika aliulizwa amebeba namba gani, akasema hana, wakamhurumia. Alipoingia ghorofa ya tisa, Mheshimiwa Waziri alikuwa akijipimia koti jipya la sherehe.

"Mheshimiwa," alisema Sudi, "nimekuja kukiri. Mafuta ya jengo hili hayapo. Nchi nzima ina mapipa elfu arobaini kwa siku, basi."

Waziri aliliacha koti. Akachukua kalamu.

"Elfu arobaini na nne," alisema kwa upole.

"Hapana, Mheshimiwa. Arobaini."

"Arobaini na nane na mia nne."

"Mheshimiwa, tafadhali nisikilize."

"Nakusikiliza sana, ndiyo maana inapanda. Ukiisema mara nyingine tutapita hamsini na tatu." Akamzunguka, akamwekea mkono begani. "Mkurugenzi wangu, umechoka. Ukweli ni kitu kizuri, lakini haufiki juu jinsi ulivyo. Hata mimi nikiupeleka, nitauheshimu. Ndivyo tulivyolelewa."

Sudi akashuka. Alimsimulia mkewe neno kwa neno, na safari hii Mwanakheri hakugomba. Aliguna tu, kama anavyoguna mtu anayetafuta nati iliyolegea.

"Yaani kila ukiwapa kitu wanakiongeza sehemu ya kumi."

"Kila kitu."

"Basi wape hakuna," alisema. "Wape sifuri, tuone wataiongezaje."

Sudi alisema hilo litakuwa uongo, mafuta yanatoka. Mwanakheri akajibu kwamba hautakuwa uongo. Siku ya Mapipa, Rais akipanda jukwaani, yeye Mwanakheri ataifunga koki kwa mkono wake mwenyewe. Mafuta yatasimama, na Sudi atapeleka sifuri ya kweli, yenye afya. "Lakini lazima ifike juu upesi. Mabomba yanastahimili kupoa kidogo tu, muda wa hotuba moja hivi. Ikikwama kwa mtu mezani, mimi nimeua kisima kwa mkono wangu."

"Hotuba zake ni ndefu."

"Mabomba hayajui hilo, Baba Fadhila."

Siku ya Mapipa ikafika. Uwanja uliokuwa mbele ya wizara ulijaa watoto wa shule waliovaa mapipa ya karatasi. Rais alipanda jukwaani, akaanza kwa kuwasalimu waliohudhuria mmoja mmoja kwa vyeo. Ghorofa ya chini, redio ikasema, "Nimefunga," na namba kwenye kioo cha Sudi ikashuka mpaka ikawa duara moja. Sudi alibonyeza kitufe cha heshima kama sheria inavyotaka. Sehemu ya kumi ya sifuri ikaongezwa kwenye sifuri, duara likabaki duara, likapanda.

Ghorofa ya kwanza walibonyeza, wakatazamana, wakabonyeza tena. Ghorofa ya pili walidhani kitufe kimeisha betri. Naibu alimsukumia kaimu, kaimu akamsukumia msaidizi. Bwana wa kwenye lifti aliiheshimu akipanda, akaiheshimu akishuka, akavua koti akaiheshimu tena, jasho likimtoka mfanyakazi bora wa mwaka. Wangeweza kuandika namba yoyote tu kutoka kichwani, lakini hilo lingekuwa uongo, na wizara ile haikuwahi kusema uongo. Ilikuwa ikiongeza tu.

Ilipofika ghorofa ya tisa, Mheshimiwa Lwambano aliomba kikokotoo. Akapiga hesabu, akakitikisa, akaomba kikubwa zaidi. Akaletewa cha kutumia mwanga wa jua, akakipeleka dirishani. Chini, Sudi alikuwa ameishika redio kwa mikono yote miwili.

"Bado?" aliuliza Mwanakheri.

"Iko kwa Waziri."

"Joto linashuka, Sudi."

"Najua."

"Mwambie aiache ipite. Mwambie tafadhali."

Sudi akainua simu ya ofisi, kitu ambacho mtu wa ghorofa ya chini hakuwahi kufanya, akapiga ghorofa ya tisa. "Mheshimiwa," alisema, "Rais anakaribia kuisoma namba na kioo chake cha jukwaani bado ni cheupe. Afadhali apate ndogo kuliko akose." Waziri, ambaye maishani mwake aliogopa kitu kimoja tu, ukimya wa mkubwa, akabonyeza. Ilikuwa namba ya kwanza katika historia ya taifa lile kufika kwa Rais kama ilivyozaliwa.

"Na leo," Rais alikuwa akinguruma, "nina fahari kulitangazia taifa kwamba uzalishaji wetu umefikia..." Akatazama kioo. Akavaa miwani. Akavua miwani.

"Sifuri," alisema.

Watu wakapiga makofi kama kawaida. Watoto wakacheza. Ila spika zote za uwanjani zikakoroma, na sauti ya muuguzi ikaingia kati.

"Nimepokea taarifa mpya," alisema Mwerevu. "Bahari ilipotoa sifuri, vyanzo vyote vya jengoni vilitoa sifuri. Kwa hiyo si vyanzo. Ni vituo visivyo na mchango. Nina mamlaka kamili ya kuvifunga. Bahari, tafadhali fungua koki."

Sudi hakusikia yaliyofuata kwa sababu alikuwa ameweka sikio kwenye redio. Alisikia chuma kikikwaruza, alisikia mkewe akimwambia mtu azungushe kwa nguvu, kisha chuma kikaacha kukwaruza.

"Yanapita," alisema Mwanakheri. Alikuwa akilia na hakuficha. "Mazito kidogo, lakini yanapita."

Nje, mtambo ulikuwa kazini. Taa za stoo zilizimika, mafagio na meza zake yakaachwa gizani. Kila afisa aliombwa kwa upole achukue mkoba wake, na mlango wa umeme ukajifunga nyuma yake. Bwana wa lifti alishushwa mpaka chini na kutolewa. Mheshimiwa Lwambano alitoka akiwa na koti jipya na vikokotoo vitatu, akasimama kwenye nyasi pamoja na makaimu wake, wote wakiwa wamejipanga kwa vyeo bila kuambiwa. Kisha Mwerevu akasema, "Kituo cha mwisho," na kipaza sauti cha Rais kikakatika katikati ya neno maendeleo.

Rais alisimama jukwaani kitambo akisogeza midomo. Hatimaye alishuka. Akavuka uwanja kwa miguu yake, akatafuta mlango, akakuta mmoja tu ulio wazi, kwa sababu waya wa baharini uliingilia hapo na usingeweza kufungwa. Akaingia. Akaketi kwenye benchi la wageni, mbele ya meza ya Sudi, na zulia likamshangaza kidogo.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Sudi akiwa amesimama wima.

"Marahaba. Nasikia namba zinaanzia hapa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Tuna mafuta kiasi gani?"

Kidole cha Sudi kilikuwa juu ya kitufe cha heshima. Kilikuwa kimekwenda pale chenyewe, maana malezi ni malezi. Akakiondoa, akakiweka mfukoni.

"Elfu arobaini, Mheshimiwa."

Rais alingoja. Akatazama mlangoni kama kuna mtu anakuja.

"Na nani ataniongezea?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wote wako nje kwenye nyasi."

Rais akainamisha kichwa. Alifikiri kwa muda mrefu, peke yake, kazi ambayo ilionekana haijamzoea.

"Basi," alisema, "itabidi tuyachimbe kule baharini."

Redio ilikuwa haijazimwa. "Ndicho tunachofanya huku, Mheshimiwa," alisema Mwanakheri. "Karibu utusaidie."